Chuo cha Viziwi Huanzia Nyumbani

Mto Momba, kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, hupita kando ya Kamsamba, mahali penye joto, mpunga na ufuta, katika wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Kwa miaka mingi mto huo uliwatenga watu wa Kamsamba na ndugu zao wa Kilyamatundu walio ng'ambo ya pili, mkoani Rukwa. Leo pana daraja, na magari yapita. Lilipokuwa likijengwa, hakutokea mtu wa kuuliza kama watu wa ng'ambo wana akili ya kutosha hata wastahili daraja. Kila mmoja alijua kwamba shida ilikuwa mto, wala si watu.

Leo twataka kuzungumza juu ya mto mwingine, ambao hauonekani katika ramani, nao umepita katikati ya nyumba zetu.

Mtoto kiziwi azaliwaye Kamsamba huzungukwa na lugha tatu: Kinyamwanga, Kiwanda na Kiswahili. Hata moja haimfikii. Wazazi wake humpenda, humlisha na kumvika, na kwa kuonyeshana vidole hupatikana alama kumi au ishirini za nyumbani: njoo, kula, lala, peleka ng'ombe. Alama hizo zatosha kumtuma kazi. Hazitoshi kumweleza kwa nini bibi yake amefukiwa ardhini, wala sikukuu ni lini, wala kwa nini wenzake wa rika lake hutoka asubuhi na vitabu naye hubaki na mifugo. Majirani humwita bubu, ingawa koo lake ni zima na kicheko chake chasikika hadi barabarani. Wengine humwita mjinga, nao hawajamfundisha kitu.

Lugha yetu wenyewe yachangia kosa hili. Kwa Kiswahili tukitaka kusema kwamba mtoto ni mtiifu, husema anasikia; mkaidi ni yule asiyesikia; na mtu akielewa jambo, husema amesikia. Hivyo tangu mwanzo tumeyafunga maarifa na adabu katika sikio, kana kwamba hakuna mlango mwingine wa kuingilia. Lakini lugha hiyo hiyo yatufundisha jambo jema tukitaka kujifunza. Neno kiziwi, kwa umbo lake, laweza kudhaniwa kuwa liko pamoja na kiti na kikapu; walakini hatusemi "kiziwi hiki kimefika", bali twasema "kiziwi huyu amefika". Sarufi imekwisha kukata shauri: huyu ni mtu. Sisi ndio tuliochelewa.

Basi swali letu ni hili: mtoto huyo wa Kamsamba akikua, je, yuko wapi mlango wa chuo atakaouingia kama mwanafunzi kamili? Na jibu letu, ambalo tutajitahidi kulithibitisha, ni kwamba chuo cha viziwi hakianzi kwa matofali wala kwa mabati. Huanza kwa lugha, na lugha hiyo sharti mtoto aipate mapema, nyumbani na katika darasa la kwanza. Asipoipata huko, hata tungemjengea chuo cha fahari, angeingia akiwa mgeni asiyejua kuuliza njia.

Tuwatazame kwanza jirani zetu wa Kenya, maana wao wamefika mbali kidogo katika jambo hili. Jijini Nairobi, katika kitongoji cha Karen, kipo chuo cha ufundi cha serikali kilichofunguliwa mwaka 1990 kwa ajili ya vijana viziwi. Vingine vya namna hiyo vipo upande wa Ziwa Viktoria: Nyang'oma, na Sikri, ambacho ni cha viziwi na vipofu. Si vyuo vikubwa. Hufundisha kazi ambazo kila msomaji wetu azijua, kama vile ushonaji, useremala na upishi. Ila maisha ya mwanafunzi katika chuo cha viziwi yana desturi zake, nazo zafaa kujulikana na sisi tunaosikia.

Katika mahali kama hapo kengele haina kazi. Anayeamshwa hutikiswa kitanda, au taa ya bweni huwashwa na kuzimwa mara kadhaa. Anayetaka kumwita mwenzake humgusa begani, au hukanyaga sakafu kwa nguvu ili mtikisiko ufike. Darasani viti havipangwi kwa mistari, mmoja nyuma ya kisogo cha mwingine. Hupangwa nusu duara, ili kila mmoja aione mikono ya kila mmoja. Mwalimu mwema hasemi akiuelekea ubao, kwa kuwa akigeuka amenyamaza. Wala hafundishi na kuwaandikisha kwa wakati mmoja, kwa sababu macho ni mawili tu na hayawezi kutazama mikono yake na daftari pamoja. Yeye hueleza, kisha husimama, ndipo kalamu ziandike.

Mgeni anapofika hapewi jina lake kwa kuitwa, bali kwa alama. Wenzake humtazama siku chache, kisha humchagulia ishara moja: kovu la shavuni, namna anavyocheka, au jinsi anavyoshika kofia. Hilo ndilo jina lake baina ya viziwi, naye huwa nalo maisha yake yote. Kwa kijana ambaye nyumbani aliitwa kwa kurushiwa kijiwe, siku ya kupewa jina si siku ndogo.

Katika karakana huonekana jambo la ajabu kwa mgeni. Misumeno ya umeme ikinguruma, sisi wenye masikio hatuwezi kusemezana hata tukipiga kelele. Viziwi huzungumza kwa raha kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, wala kazi haisimami. Mchezoni mwamuzi hupeperusha kitambaa, na goli likifungwa watazamaji huinua mikono na kuitikisa hewani, maana hiyo ndiyo makofi yao. Lakini usiku umeme ukikatika, hapo ndipo msomaji atakapoelewa thamani ya taa. Kwa wanafunzi wengine giza huondoa kusoma tu. Kwa viziwi giza huondoa na mazungumzo. Hivyo taa katika bweni la viziwi si anasa; ni ulimi.

Haya yote yawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wote wana lugha moja. Lugha ya alama si mchezo wa kuigiza, wala si Kiswahili kilichotafsiriwa kwa vidole. Ina sarufi yake, na kila nchi ina yake: viziwi wa Tanzania wana Lugha ya Alama ya Tanzania, na wa Kenya wana yao. Wataalamu wa dunia walichelewa kukiri hivyo. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, nchini Italia, uliamua kwamba watoto wafundishwe kusema kwa midomo na kusoma midomo ya wengine, na alama ziachwe. Wengi wa waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Uamuzi huo ukaenea duniani, na katika shule nyingi mtoto aliyetumia mikono aliadhibiwa. Hata shule nyingi za kwanza za viziwi katika Afrika Mashariki zilifuata njia ya midomo. Ilikuwa mwaka 1960 ambapo William Stokoe, mwalimu wa Marekani, alitoa andiko lililoonyesha kwamba alama za viziwi zina muundo kama wa lugha nyingine yoyote. Na ilikuwa mwaka 2010, mjini Vancouver, ambapo mkutano wa aina ile ile ya Milan ulitamka masikitiko yake kwa uamuzi wa zamani. Miaka 130 ilipita. Hesabu, ndugu msomaji, ni vizazi vingapi vya watoto hao.

Labda mtu atasema: "Mambo hayo ni ya Ulaya." Basi tutazame nchi maskini kama zilivyokuwa zetu. Katika Nikaragua, kabla ya mwaka 1977, viziwi waliishi kila mmoja kwao, na alama zao za nyumbani, kama yule wa Kamsamba. Mwaka huo watoto walianza kukusanywa katika shule moja mjini Managua, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 kikafunguliwa pia chuo cha ufundi kwa vijana viziwi. Walimu hawakujua alama. Walifundisha midomo, na hawakufanikiwa sana. Lakini uwanjani na ndani ya basi watoto walichanganya alama zao, na katika miaka michache ikazaliwa lugha mpya, ambayo hakuna mwalimu aliyeitunga. Wachunguzi walipoitazama waliona jambo moja ambalo twaomba wazazi walikumbuke: waliofika wakiwa wadogo ndio walioifanya lugha hiyo kuwa nyepesi na tajiri. Waliofika wakiwa wakubwa walijifunza, lakini hawakuwafikia wadogo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika jambo la lugha si methali tu. Ndivyo ubongo wa binadamu ulivyo.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu. Kijana afikaye chuoni akiwa na miaka 18, hali lugha yake ya kwanza anaianza siku hiyo, atajifunza kupiga randa na kuendesha cherehani, kwa kuwa mikono na macho yake ni hodari. Lakini mkataba wa kazi hatausoma. Hesabu ya faida na hasara itampita. Na Kiswahili cha maandishi kitamlemea, maana viambishi vyetu vya "ki" na "vi", "u" na "zi", sisi tuliviokota kwa masikio tukiwa tumebebwa mgongoni, naye yampasa avijifunze kimoja kimoja kwa macho, kama mtu ajifunzaye lugha ya ng'ambo. Aliye na lugha ya alama tangu utotoni ana mahali pa kusimama ili akifikie Kiswahili hicho. Asiye nayo hana.

Katika Tanzania kazi imekwisha kuanzwa, wala haifai kuidharau. Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Shule ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na baadaye nyingine zikafunguliwa katika mikoa kadhaa. Katika miaka ya 1980 viziwi wenyewe waliunda chama chao, CHAVITA, nacho kimefanya kazi kubwa ya kukusanya alama zinazotumika nchini. Mwaka 2004 ilitoka kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyotayarishwa na Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Chuo cha ualimu cha Patandi, mkoani Arusha, kinatayarisha walimu wa elimu maalumu. Na chuo cha ufundi cha Yombo, Dar es Salaam, hupokea vijana wenye ulemavu mbalimbali, viziwi wakiwamo. Jirani zetu nao wamepiga hatua: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Uganda ilimwona Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akiingia Bungeni mwaka 1996.

Lakini kutoka Kamsamba hadi mlango wa shule hizo ni safari. Yapasa kupanda hadi Mlowo kwenye barabara kuu itokayo Tunduma, kisha Mbeya, kisha mbele zaidi. Mzazi wa mtoto wa miaka saba hujiuliza: nitampeleka mbali na mimi mtoto asiyeweza hata kunisimulia aliyoyaona? Swali lake ni la haki, nalo lafungua ubishi mkubwa uliopo baina ya watu wenye nia njema.

Wako wasemao kwamba mtoto kiziwi asitengwe. Na asome shule ya kijijini pamoja na wenzake, alale kwao, ajulikane na jamaa zake. Wako wengine wasemao kwamba kumweka kiziwi mmoja katika darasa la watoto themanini wanaosikia, pasipo mwalimu ajuaye alama wala mkalimani, si kumchanganya na wenzake. Ni kumtenga mbele ya watu. Sisi twaona kila upande una ukweli. Bweni la mbali huweza kumpa mtoto lugha na kumnyang'anya nyumbani, akarudi likizo akawa mgeni mezani kwa mama yake. Darasa la kijijini huweza kumwachia nyumbani na kumnyima lugha. Kati ya hasara hizo mbili, ya kukosa lugha ndiyo isiyolipika baadaye. Kwa hiyo twasema: palipo na watoto viziwi kadhaa katika wilaya, wakusanywe katika shule moja ya wilaya yenye bweni dogo na walimu waliofundishwa alama, pasiwe mbali mno hata wazazi washindwe kufika. Na wazazi wenyewe wafundishwe. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake ni kwamba mzazi huyo hana lugha ya kumrithisha mtoto wake mpaka kwanza yeye akajifunze.

Nani atawafundisha? Wapo viziwi watu wazima waliosoma. Nao ni walimu wa asili wa kazi hii. Tusifanye kosa la kudhani kwamba kiziwi ni wa kufundishwa tu, wala si wa kufundisha na kuongoza. Chuo kikuu cha viziwi cha Gallaudet, huko Washington, kilipata hati yake mwaka 1864 kwa sahihi ya Rais Abraham Lincoln; lakini kwa miaka 124 kiliongozwa na watu wanaosikia. Machi 1988, walipochaguliwa tena mkuu anayesikia, wanafunzi walifunga malango, wakaandamana kwa juma zima, na wakampata I. King Jordan, mkuu wa kwanza aliye kiziwi. Hawakuvunja kitu. Waliuliza tu swali ambalo kila mfanyakazi alijua: kwa nini tutawaliwe katika nyumba yetu kana kwamba hatuna mtu?

Katika chuo hicho hicho alihitimu mwaka 1954 Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza masikio yake akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1957 alikuja Afrika, akaanzia Ghana, na kabla ya kufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa amefungua shule zaidi ya 30 za viziwi katika bara hili. Mtu mmoja, kiziwi, mgeni, alifanya hivyo. Sisi wenyeji na masikio yetu tumefanya nini?

Basi haya ndiyo yanayowezekana pasipo kungojea bajeti kubwa. Kwanza, kinga. Surua, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio usiotibiwa huwapokonya watoto wengi usikivu, na rubela inayompata mama mjamzito humdhuru mtoto tumboni. Chanjo ya surua na rubela kwa pamoja imekuwa ikitolewa nchini tangu mwaka 2014. Asikose mtoto hata mmoja wa bondeni. Pili, mtoto asiyegeuka anapoitwa afikishwe zahanati kabla hajatimiza mwaka, wala asingojewe "akue aseme". Tatu, mwenyekiti wa kitongoji amwandike mtoto huyo kwa jina lake, na jina lifike kwa afisa elimu wa wilaya. Kwa maana serikali haiwezi kumjengea darasa mtoto ambaye haimo katika hesabu yake.

Na kwenu, ndugu wafanyakazi, lipo neno la mwisho. Kijana atokaye chuoni na cheti chake hukutana na mlango wa pili, nao u mikononi mwenu. Msimamizi husema hawezi kumwajiri kwa kuwa hatasikia king'ora. Taa nyekundu ifungwe juu ya mashine. Gharama yake ni ndogo, na hata wanaosikia watanufaika nayo pale penye kelele. Mkutano wa wafanyakazi ukiitwa, mkalimani aitwe pia, ili mwanachama kiziwi ajue anapigia kura jambo gani. Na yule anayefanya kazi kando yake ajifunze alama kumi kila juma. Kwa mwaka ni zaidi ya mia tano. Kwa mia tano watu wawili waweza kugombana, kupatana, kupanga kazi na kutaniana, yaani kuwa wenzi.

Mtoto kiziwi wa Kamsamba hakuomba kuhurumiwa. Huruma anayo tele. Hupewa kila siku pamoja na ugali. Anachodai ni lugha, na anaidai sasa, akiwa na miaka miwili, mitatu, minne, maana miaka hiyo ikipita hakuna chuo kitakachoirudisha.